Vioo vya Upande wa Kulia

Saa moja na robo asubuhi Inspekta aliingia katika karakana ya vioo na kumkuta mwenye karakana, fundi wa miaka sitini na mmoja, amelala kifudifudi chini ya vioo vilivyovunjika. Juu ya vioo hivyo ilikuwa imelala fremu ya chuma yenye magurudumu manne, ya kuegemezea vioo pande zake mbili. Marehemu alikuwa bado ameshika kifungo cha mkanda wa kufungia fremu. Kila askari alipohamisha mguu, vipande vililia chini ya kiatu chake.

Mlangoni alisimama mpakiaji wa vioo, aliyeitwa Kobe kwa jinsi asivyokuwa na haraka kazini. Alikuwa amefungwa pingu, na viganja vyake vilivuja damu.

"Ni huyu, Afande," alisema mdogo wa marehemu, ambaye kazi yake ilikuwa kupokea wateja ofisini. "Nimemwona kwa macho yangu. Alisimama upande wa kulia, akaisukuma fremu kwa bega, ikamwangukia kaka. Miaka yote mzito kama gogo, leo ndiyo kapata mbio!"

"Nilikuwa getini niliposikia kishindo," alisema Kobe. "Damu hii ni ya kujaribu kumtoa. Afande, nina watoto wanne. Nitaozea gerezani kwa kosa nisilolijua."

"Jibu ninachokuuliza. Jana ulipakia vioo vingapi?"

"Ishirini. Kimoja kushoto, kimoja kulia, mpaka kumi kwa kumi. Hapa hatupakii vinginevyo. Nikaifunga fremu kwa mkanda kwenye pete ya nguzo, nikaifunika turubai, nikaondoka saa kumi na moja jioni."

"Mkanda hufunguliwa na nani?"

"Marehemu, kila asubuhi. Kifungo kiko upande wa kushoto. Hakumruhusu mtu mwingine akiguse."

"Na funguo za karakana?"

"Mbili. Yake na ya mdogo wake."

"Sema yote!" alidakia mdogo wa marehemu. "Nani hajui kwamba dirisha la nyuma halifungiki?"

Inspekta alichuchumaa. Alihesabu kingo za chini za vioo vilivyovunjika: kumi, vyote vya upande wa kushoto. Alipoinua turubai upande wa kulia, alikuta maboksi matupu yaliyobanwa kwenye fremu, ili turubai lionekane limejaa. Vioo vingine kumi, vizima, vilikuwa vimeegemezwa kwenye ukuta wa nyuma. Akaamuru Kobe aletwe pale.

Kobe alivitazama, akasahau pingu zake.

"Nani ameviweka hivi? Juu ya saruji tupu! Tazama kingo, zimemeguka zote. Kioo hukalishwa juu ya mbao, hata mgeni wa wiki moja anafundishwa hilo kwanza!"

"Na mtu wa ofisini?" aliuliza Inspekta.

Mdogo wa marehemu alicheka kidogo. "Afande, muuaji ana muda wa kutafuta mbao?"

"Huenda hana. Njoo huku."

Karibu na meza ya kukatia ilisimama fremu ya pili, imepakiwa saba kwa saba, haijafungwa mkanda. Inspekta alisimama kando.

"Nionyeshe alivyosukuma."

Mdogo wa marehemu alikwenda upande wa kulia wa fremu. Kisha aliegemeza bega na kusukuma. Magurudumu yalilia, fremu ikaenda hatua tatu, ikasimama wima kama ilivyokuwa.

"Ile breki zake zilikuwa zimefungwa," alisema haraka.

"Picha ya kwanza ilipigwa saa moja na dakika kumi na sita, kabla ya askari yeyote kugusa kitu. Breki zote nne ziko wazi." Inspekta alisema taratibu, neno baada ya neno. "Kitu chenye magurudumu kikisukumwa, huenda. Ile haikwenda, ililala. Kani iliyoilaza ni uzito wa vioo vyenyewe. Vya kushoto huivuta fremu kushoto, vya kulia huivuta kulia, nayo husimama. Mtu akiondoa vya kulia, hubaki mkanda peke yake kuishikilia. Kaka yako alipoufungua, hapakuwa na haja ya msukumaji. Basi nieleze, wewe ulimwona nani akisukuma?"

Mdogo wa marehemu alirudi nyuma hatua moja kutoka kwenye fremu. Alipozungumza, hakumtazama Inspekta. Alimtazama Kobe.

"Juzi kaka aliniambia karakana atamwachia huyu. Huyu! Kwa sababu ana mikono ya fundi. Miaka kumi na tisa nimewachekea wateja wake, mimi wa tumbo moja naye, akaniambia, 'Mdogo wangu, wewe kioo hukijui.' Nikaona waondoke wote wawili, mmoja kaburini, mwingine jela. Jana walipotoka nikavihamisha vioo, kimoja kimoja."

Kobe alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Askari aliinama akamfungua pingu.

"Lakini sikumgusa," alisema mdogo wa marehemu, akinyoosha mikono yake mbele. "Afande, andika hivyo. Kaka yangu sikumgusa hata kwa kidole."

"Nitaandika," alijibu Inspekta. "Uliondoa tu kilichokuwa kinazuia."