Siku Niliyoapa Kwamba Erlinda Alikufa kwa Kifua Tu

Jumatano, tarehe 9 Oktoba. Asubuhi hiyo niliinua mkono wa kulia mbele ya afisa wa uhamiaji hapa Atlanta, nikaapa kusema kweli tupu…

Kabla hata kiti hakijapata joto, nikamzika mke wangu mara ya pili. Kwa mdomo wangu mwenyewe!

Msinitukane kwanza, jamani. Someni.

Naitwa Crisanto, Mfilipino. Shule niliishia darasa la sita. Kazi yangu ni kutoa mifupa ya kuku katika kiwanda kimoja huku Georgia. Kiwanda hicho ndicho kilichotuombea ukaazi wa kudumu: mimi, mke wangu Erlinda na binti yetu Maricel. Siku hiyo ndiyo ya usaili. Ukifeli, mnarudi kwenu na mabegi yenu.

Erlinda naye alikuwa humo humo kiwandani. Ile dawa wanayomwagia kuku kuua vijidudu ikamkaa kifuani. Alikohoa mpaka anashika ukuta.

"Santo," aliniambia, "afadhali kuku. Wao wanakufa mara moja. Mimi nakufa kwa zamu."

Tukacheka. Mungu anisamehe, tulicheka!

Wakili wa kiwanda, Bwana Pruitt, alikuwa ametuonya: faili ni moja, mmoja akiacha kazi mnaanguka wote. Sisi tukaitikia tu. Kwetu, mtu aliyekufadhili humhoji. Kumhoji ni kumtukana. Kila Krismasi Erlinda alimpikia huyo Pruitt sinia la tambi, kwa vidole vilivyovimba.

Mwezi wa tatu akaanguka kazini. Hakuamka.

Sasa tuko nje ya chumba cha usaili. Pruitt ananinyooshea tai kama mtoto wa ubatizo.

"Tabasamu, mzee. Huendi kunyongwa."

"Wakiuliza habari za mke wangu?"

"Kifua tu. Ukianza kulaumu kiwanda, kazi itabaki? Na bila kazi kuna ukaazi hapo? Mfikirie binti."

Maricel alisikia kila neno. Akanishika mkono.

Tukaingia. Afisa alikuwa mama wa makamo, sauti ya upole. Upole wenyewe ndio ulionitisha.

"Pole kwa msiba, Bwana Crisanto. Mkeo alifariki kwa nini?"

Nikamtupia jicho Pruitt, aliyekaa kando yetu.

"Kifua," nikasema. "Kifua tu, mama."

Maricel akautoa mkono wake mkononi mwangu. Taratibu.

"Ukipewa ukaazi, utaendelea na kiwanda hiki?"

"Ndiyo, mama."

"Wanawatendea vizuri?"

"Wametufadhili sana."

Afisa akafunua karatasi, akakunja uso.

"Kuna kitu sikielewi. Mkeo naye alifanya kazi pale pale. Kwa nini?"

"Ilibidi, mama. Faili ni moja."

"Nani alikuambia hivyo?"

Nikamgeukia Pruitt. Pruitt anatazama viatu vyake!

"Bwana Crisanto, kiwanda kilikuombea wewe. Mkeo alikuwa na kibali cha kufanya kazi popote. Angeuza maua, angekaa nyumbani… faili lenu lisingetikisika."

Jamani…

Erlinda hakuwa amefungwa na kazi ile. Hata siku moja!

Sikusikia vizuri yaliyofuata. Nilisikia "nimewakubalia", nikaona mkono umenyooshwa, nikaushika. Watu hulia kwa furaha siku hiyo. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Kwenye korido nikamkaba Pruitt kwa maneno.

"Ulijua?!"

"Punguza sauti, mzee. Mimi ni wakili wa kiwanda. Na wewe hukuuliza."

"Ulikula tambi zake!"

"Zilikuwa tamu," akasema, akaingia kwenye lifti.

Ndugu zangu mlio ugenini, shikeni hili: wakili anayelipwa na tajiri ni wa tajiri. Tafuteni wa kwenu, hata kanisani au msikitini hamkosi wa kuwaelekeza. Na fadhila isikuzibe mdomo. Uliza! Wakuite mtovu wa shukrani. Heri mtovu wa shukrani mwenye mke kuliko mstaarabu mgane.

Wakubwa wale wa kiwanda nawalaumu nikilala, nawalaumu nikiamka. Walihitaji mikono miwili ya ziada kwenye kuku, wakatufunga kwa kamba ambayo haipo. Sitawasamehe.

Ila tulipofika kwenye gari, Maricel hakulia wala hakumtaja Pruitt. Alifunga mkanda, akatazama mbele. Nikawasha injini. Nikaizima. Maana alikuwa ameniuliza kitu, na mpaka leo ninapoandika hapa bado anasubiri:

"Baba, ni mama aliyeogopa kuacha kazi… au ni wewe uliyemkatalia?"