Mgahawa wa Vitambaa Vyeupe

Huko Butihinda, upande wa Muyinga, mgeni hakubali chakula mara moja. Ukimwambia karibu, anajibu, "Asante, nimeshiba." Ukimwambia tena, anasema, "Msijisumbue." Ukimshika mkono mara ya tatu, ndipo anakaa. Hapo utaona mwenyewe kwamba hakushiba hata kidogo. Kila mtu anaujua mchezo huu. Anayekubali mara ya kwanza anaitwa mlafi.

Theodosia na mume wake Nazario wamelelewa hivyo. Walikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, wakarudi Burundi na mtoto mmoja, Crispin. Ndiyo maana wanaitana Mama Crispin na Baba Crispin. Wana shamba la maharage na migomba michache. Nyuma ya nyumba wana kibanda chenye giza. Ndani yake inaning'inia mifuko, na kwenye mifuko unaota uyoga mweupe.

Uyoga huo si wa Theodosia peke yake. Ni wa kikundi cha wanawake kumi na wawili. Wanaumwagilia asubuhi na jioni, wanavuna kwa zamu. Tatizo lilikuwa wanunuzi. Watu wengi waliutazama uyoga wakasema, "Mimi bado sitaki kufa." Na uyoga haumngoji mtu. Siku tatu tu, umelegea na kunuka. Wanawake watatu walikuwa wameshasema kwamba mwezi ukiisha wanaondoka. Theodosia alijua kwamba wakiondoka watatu, wengine watafuata, na kikundi kitakufa.

Siku moja Elias, bwana shamba, alipeleka kapu la uyoga kwenye mgahawa mmoja huko Gitega, akaacha na namba ya Theodosia. Baada ya siku nne simu ya Theodosia ikalia.

"Mama Theodosia? Mi naitwa Amisa. Niko na resto hapa Gitega. Ile uyoga yenu nimeipika, iko nzuri sana. Mukuje Alhamisi saa sita mchana, we na muzee. Tutakula, tutaongea."

Theodosia alifurahi sana. Kisha akaogopa. Elias alikuwa amemweleza habari za mgahawa huo. Uko juu ya kilima. Meza zake zina vitambaa vyeupe. Wakubwa wa serikali wanakula pale.

"Baba Crispin, mimi sijawahi kula kwa uma," akasema.

"Mimi nimewahi," Nazario akajibu. "Kule kambini. Ulikuwa uma mmoja, tukaugombania."

Wiki ile mafuta yalikuwa shida, na mabasi yaliondoka yalipojisikia. Kwa hiyo walisafiri Jumatano, siku moja kabla. Walipanda pikipiki mpaka Muyinga mjini, kisha basi kupitia Karuzi. Gitega walifikia kwa Lucia, mdogo wake Theodosia.

Lucia alipomwona dada yake ana wasiwasi, alicheka. "Dada, una bahati. Jirani yangu Faridi amehudumu kwenye mahoteli miaka kumi na tano. Twende atufundishe."

Faridi aliwapokea kwa furaha. Mke wake, Swabra, alitandika mezani kitambaa anachokitoa siku ya Idi tu. Akapanga sahani, visu na nyuma. Faridi akatundika taulo safi kwenye mkono wake, akasimama wima. Ghafla alikuwa mtu mwingine kabisa.

"Bon," akasema. "Kwanza, saa. Wamesema saa sita? Mufike dakika kumi mbele. Mukichelewa, mupige simu. Pili, nguo. Iwe safi, iwe imepigwa pasi, basi. Hakuna mutu anawaomba suti."

"Nimeshaazima suti ya katekista," Nazario akasema kwa huzuni.

"Inakutosha, shemeji?" Lucia akauliza.

"Inanitosha. Mikono ndiyo haikubali."

Wakacheka. Faridi akaendelea. Kile kitambaa kidogo kilichokunjwa huwekwa mapajani. Ni cha kufuta mdomo, si jasho. Nyuma zikiwa nyingi, unaanza na ule wa nje kabisa, unaelekea ndani. Ukipumzika, unaacha uma na kisu vimetengana kwenye sahani. Ukimaliza, unavilaza pamoja.

"Na nikisahau?" Theodosia akauliza.

"Tazama mwenye kukualika, fanya kama yeye. Wakileta karatasi ya vyakula na we hauielewi, uliza: hii ni nini? Serveur, ule wa kuleta chakula, iko pale kwa ile kazi. Kama kuna kitu haukuli, sema mapema. Mi kwa miaka yote ile sikucheka mutu mwenye kuuliza."

Nazario akainua kidole. "Kesho kabla ya kwenda tutakula ugali kidogo. Mtu haendi kwa watu na njaa. Ataaibika."

"Oya, muzee!" Faridi akashtuka. "Ukifika umeshiba, mupishi atafikiri umechukia chakula yake. Bon, sasa mukae. Tujaribu."

Wakakaa. Faridi akaja taratibu na kikapu cha mikate. Akainama kidogo.

"Mukate, mama?"

"Asante, nimeshiba," Theodosia akasema kwa adabu.

Faridi akainamisha kichwa, akageuka na kikapu chake, akatoka mlangoni. Theodosia akangoja. Nazario akangoja. Nje kuku wa Swabra walilia, wakanyamaza. Lucia alikuwa ameficha uso kwa khanga, mabega yanatikisika.

"Anarudi lini?" Nazario akanong'ona.

Faridi hakurudi. Mwishowe Theodosia akamwita.

"Kaka Faridi! Mkate umekwenda wapi?"

"Mama, umesema umeshiba. Mi nimekuamini."

"Lakini hukunibembeleza!"

"Kwa resto hatubembelezi. Mugeni akisema hapana, ni hapana. Akisema ndiyo, ni ndiyo. Nikikurudilia mara tatu, ni kama nasema we uko muongo. Ile si heshima."

Theodosia alilitafakari neno hilo. Kwao heshima ni kumshurutisha mgeni mpaka akubali. Huku heshima ni kumwamini anaposema neno. Hakuwahi kufikiri kwamba heshima inaweza kuwa na sura mbili. Jambo hilo lilimstaajabisha kuliko nyuma zote za Swabra.

Alhamisi, saa sita kasoro dakika kumi, walikuwa mlangoni. Hata hawakuugusa mlango. Kijana aliyevaa shati jeupe aliufungua kutoka ndani, akawakaribisha kwa majina yao.

Theodosia alijikuta anatembea kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeingia kanisani katikati ya sala. Kulikuwa kimya. Watu waliongea polepole, na vijiko havikugonga sahani. Vitambaa vilikuwa vyeupe kweli. Kwenye dirisha kubwa aliona mabati ya Gitega chini, kisha vilima, na nyuma ya vilima, vilima vingine. Alisimama. Katika maisha yake yote alikuwa ametazama vilima akiwa na jembe mkononi tu. Hakujua kwamba mtu anaweza kuketi tu akavitazama.

Amisa alikuja, mwanamke mrefu mwenye kilemba cha bluu. Akawashika mikono yote miwili. Mhudumu akamvutia Theodosia kiti. Theodosia akageuka kuona ni nani anayetaka kukaa, kumbe ni yeye.

"Mbele yangu kuna glasi tatu," Nazario akamnong'oneza. "Mimi nina mdomo mmoja."

Kikapu cha mkate kikaja.

"Mukate, mama?"

Theodosia akafungua mdomo. Maneno ya kwao yalikuwa tayari kwenye ulimi. Akayameza. "Ndiyo, asante."

"Mukate, muzee?"

"Asante, nimeshiba," Nazario akasema. Kikapu kikaondoka. Nazario akakifuata kwa macho mpaka kikapotea.

Mkate ulikuwa wa moto. Hakuna aliyemtazama Theodosia kwa jicho baya.

Kisha ikaja sahani kubwa kama ungo mdogo, na katikati yake kitu kidogo sana. Kilikuwa cha rangi ya dhahabu, kimepangwa kama ua, na jani moja la kijani juu yake. Theodosia aliweka kitambaa mapajani, akachukua uma wa nje. Kisha akauliza bila haya, "Mwanangu, hii ni nini?"

Mhudumu akatabasamu. "Ni uyoga yenu, mama."

Theodosia alitazama. Uyoga ule alikuwa ameujua tangu ukiwa uzi mweupe ndani ya mfuko. Alikuwa ameubeba kichwani, ameutupa shimoni ulipooza, ameulilia. Hakuwahi kuuona mzuri hivi. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kile kitambaa. Faridi hakuwa amesema kama machozi yanaruhusiwa.

Baadaye ukaja mukeke, samaki wa ziwani, pamoja na juisi ya maracuja, yaani pasheni. Walipolaza visu na nyuma pamoja, sahani ziliondolewa bila mtu kusema neno. Theodosia alistaajabu. Watu hawa walikuwa wamefikiria hata namna mkono wake unavyopumzika.

Ndipo Amisa akatoa daftari. "Bon, tuongee. Nataka uyoga kila Jumanne na kila Ijumaa. Iko kikundi ingine kule Ngozi, wanangoja niwajibu. Lakini ya kwenu ndiyo napenda. Mutaweza?"

Nazario akavuta mikono ya suti. Alijibu kama alivyofundishwa na baba yake. "Aa, Madamu. Sisi ni watu wadogo wa shamba. Kazi kubwa namna hiyo hatuiwezi. Tafuta wenye uwezo."

Akatabasamu, akangoja kuulizwa mara ya pili.

Amisa akafunga daftari. "Naelewa, muzee. Asante sana kwa kuniambia ukweli. Nitapigia wale wa Ngozi." Akamwita mhudumu alete matunda.

Theodosia alimtazama mume wake. Matunda yalikuja, mazuri, yamekatwa kama nyota, lakini hakuyaona vizuri. Nazario alikuwa bado anatabasamu, bado anangoja. Swali la pili halikuwa njiani. Theodosia aliwaona wanawake kumi na mmoja kibandani, wanamwagilia mifuko. Hakuwahi kumpinga mume wake mbele ya mgeni, hata siku moja.  Akamgeukia Amisa.

"Madamu," akasema, "naomba uniwie radhi. Baba Crispin amekujibu kwa adabu ya kwetu. Kwetu mtu anakataa kwanza, ili aulizwe tena. Wewe umemwamini, na umefanya vizuri. Lakini jibu letu ni ndiyo. Tunaweza."

Nazario akaacha kutabasamu. Amisa akaweka kijiko chini.

"Hata mi nyumbani nafanya vile," akasema. "Lakini hapa kwa kazi nasikia neno mara moja. Sasa niambie, mama. Munaweza kweli? Ama na ile ndiyo yako iko ya adabu?"

Swali lilikuwa gumu, na lilikuwa la haki. Theodosia akafikiri kabla ya kujibu.

"Kilo kumi kila Jumanne, na kumi kila Ijumaa, tunaweza. Ishirini hatuwezi, usiniombe. Kiangazi kikikaza kibanda kinakauka. Hapo utapata tano, na nitakupigia simu mapema."

Amisa akafungua daftari tena. "Sasa hiyo ndiyo jibu," akasema, na akaandika.

Walipotoka, Nazario alisimama getini. Alivua koti la katekista, akalikunja vizuri.

"Mama Crispin, umenipinga mbele ya watu."

"Nimekupinga."

"Ungenyamaza, leo tungerudi na adabu yangu, na uyoga unaoza." Akatembea kidogo, akasimama tena. "Ule mkate ulikuwa mtamu?"

"Sana."

"Nilijua," akasema, na wote wawili wakacheka mpaka watu wa pikipiki wakageuka.

Jumanne iliyofuata wanawake kumi na wawili walivuna kabla ya jua kupanda. Walipima kilo kumi, si pungufu wala zaidi. Wakafunika makapu kwa majani ya mgomba, wakayapeleka kwenye basi. Wale watatu waliotaka kuondoka ndio waliofika wa kwanza. Theodosia aliwaeleza wenzake yote: saa, kitambaa cha mapajani, nyuma za nje na za ndani. Lakini lile la kusema ndiyo na hapana alilirudia mara nyingi. Mteja akiuliza kama wanaweza, sasa wanajibu kwa kilo na kwa siku.

Wiki ya tatu Lucia alituma picha kwenye simu. Alikuwa amepita mbele ya mgahawa wa Amisa. Mlangoni palisimama ubao mweusi, na chakula cha siku kimeandikwa kwa chaki: *Champignons de Butihinda*, yaani uyoga wa Butihinda.

Simu ilipita mkono kwa mkono ndani ya kibanda. Hakuna aliyejua Kifaransa. Ikamfikia Martha, mkubwa wao kwa umri, aliyeanza kisomo cha watu wazima mwaka huo. Aliisogeza simu karibu na mlango penye mwanga. Akaweka kidole chini ya neno la mwisho, akasoma kwa sauti, polepole, "Bu-ti-hi-nda."

Wenzake wakasogea karibu.

"Ni sisi," Martha akasema. Kisha akalisoma tena.