Manukato ya Agnesi

Rafiki yangu Agnesi wa Kimamba siku hizi hajipaki manukato kabisa, na sababu alinisimulia mwenyewe.

Yake alichanganyiwa na shoga yake Magreth, mwenye duka Mikumi. "Haya ni ya mtu mpole anayeficha wivu. Ni wewe mtupu! Simuuzii mwingine." Hata mama mkwe wake, asiyeona, anayeishi naye, alimtambua kwa harufu hiyo.

Juzi alifuata chupa nyingine. Magreth akakwepa macho.

"Nisamehe, shoga. Asubuhi nimemuuzia mwanamke mmoja. Uso alijifunika, ila alicheka kama wewe."

Agnesi akarudi nyumbani moyo ukimuuma. Mvua ilikuwa imetia giza nyumba nzima, mabati yanapiga kelele. Harufu yake ikampokea mlangoni. Ndani mtu akacheka, kicheko chake mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

Mama mkwe akauliza kutoka gizani:

"Wewe nani? Agnesi kashaniamkia, nimemshika mkono hapa."

"Mama, Agnesi ni mimi!"

"Mwongo. Toka!"

Akawasha tochi ya simu. Mama mkwe alikuwa peke yake mkekani, kanyoosha mkono. Kiganja kilikuwa kitupu, lakini vidole vyake vilikuwa vimebonyea, na vilizidi kubanwa.