Mashua Iliyokwenda Nyuma

Kyule alikutwa amebanwa baina ya mashua na ukuta wa gati, maji ya bwawa yakimfika kiunoni, macho wazi. Hakuwahi hata kupiga ukelele. Waliokuwa wakingoja kuvuka walisikia injini ikinguruma, kisha mlio kama wa ukuni unaovunjwa, basi.

Inspekta Mbithe alifika saa nne asubuhi na kumkuta nahodha, Musyimi, ameketi kwenye mawe. Marehemu alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake wa pekee. Alikuwa pia mshika kamba wa mashua hiyo. Kila safari alisimama majini nyuma yake, mgongo ukiegemea ukuta, akaisukuma itoke.

Abiria wote walisema jambo moja: Musyimi alivuta mkono wa gia na mashua ikarudi nyuma kwa kasi.

"Ulivuta?" Mbithe alimuuliza.

"Nilivuta, madam. Ndio iende mbele."

"Mashua gani inaenda mbele kwa kuvutwa nyuma?"

"Hii. Miezi mitatu sasa, tangu ibadilishwe injini."

Konstebo Mwau akaiwasha ajaribu. Alisukuma mkono, mashua ikaenda mbele. Alivuta, ikarudi nyuma, kama chombo chochote cha watu wenye akili. Na kila mtu pale gatini alijua kwamba wiki iliyopita Musyimi na Kyule walishikana mashati wakaamuliwa. Musyimi akatiwa pingu.

Mbithe aliipiga mashua picha. Ilikuwa ya mbao, ya zamani sana, iliyotunzwa kuliko watoto wengi wa siku hizi. Sakafuni palikuwa na mavi mabichi ya mbuzi. Akayapiga picha nayo, kwa mazoea tu.

Kituoni alimkuta mjane, Kasyoka, mkono wake wa kushoto umefungwa plasta.

"Umeumiaje?"

"Nilianguka."

Mbithe alikuwa na miaka ishirini na miwili kazini. Alijua vizuri wanawake huanguka wapi.

"Mwaitu, mama yangu, ndugu yangu ndiye nimebaki naye," Kasyoka alisema. "Wazazi hawako. Mtoto sikujaliwa. Ukimfunga, afadhali unizike na mimi."

Ndiyo maana kesho yake Mbithe aliendesha gari hadi Mtito Andei, safari ya kuvunja kiuno, kumtafuta fundi aliyeweka injini. Alijiambia anatafuta haki. Ukweli ni kwamba alitamani sana Musyimi awe hana hatia.

Fundi Fahad alikuwa chini ya lori. Alitoka akijifuta grisi.

"Mimi ni fundi wa malori, bi afande. Injini za malori ninayotengeneza zote huzunguka upande mmoja. Nikadhani na za mashua ni vivyo hivyo."

"Kumbe?"

"Kumbe ile ya zamani ilizunguka kinyume. Nikaing'oa, nikaweka dizeli ya lori, giaboksi nikaiacha ileile. Rafadha, lile panga linalosukuma chombo majini, ikageuka upande usio wake. Ukitia mbele, chombo charudi nyuma."

"Ukafanyaje?"

"Nikawaambia wavute badala ya kusukuma. Ilikuwa aibu, lakini ilikwenda." Aliyakwepa macho ya Mbithe. "Ila gia ya kurudi nyuma haikutengenezwa kubeba safari nzima. Ilichemka, meno yakalika. Nikatafuta giaboksi inayolingana na injini hii hadi nikaipata Mombasa. Nimeifunga Jumanne. Nikaosha hata sakafu."

Kyule alikufa Jumatano asubuhi.

"Musyimi alikuwepo?"

"Hakuwepo. Walisema ameenda Kitui."

"Ulimpigia simu?"

"Sikumpigia. Nilijua akiwasha tu ataona mwenyewe." Fahad akaketi juu ya gurudumu. "Ya Rabi. Ni mimi nimeua mtu?"

Mbithe alijawa na furaha hadi akaona haya mbele ya yule fundi. Mkono uliozoea kuvuta ulivuta, na hakuna aliyeuambia kwamba mambo yamebadilika. Hayo si mauaji. Alimpigia Kasyoka simu palepale.

"Ndugu yako huenda akalala nyumbani kabla ya Jumapili."

Kasyoka alilia kwa sauti simuni.

Jioni, akipanga picha kwenye faili, Mbithe aliyaona tena yale mavi ya mbuzi. Mabichi, kwenye sakafu iliyooshwa Jumanne. Na Musyimi aliandikisha taarifa kwamba safari ile ya kifo ndiyo iliyokuwa ya kwanza siku hiyo. Basi kulikuwa na safari nyingine kabla yake.

Angeweza kuifunga faili. Alikaa nayo mapajani muda mrefu, akijichukia, kisha akamtuma Mwau awatafute wanaovusha mbuzi. Siku mbili baadaye walimpata Abdille sokoni Zombe.

"Jumatano nilivuka mapema, walahi, watu hawajafika," Abdille alisema. "Mbuzi kumi na nane. Musyimi alinipeleka, akarudi peke yake."

"Na Kyule?"

"Huyo huchelewa kila siku. Hakuwepo."

"Mashua ilisumbua?"

"Mwanzo ilirudi nyuma, ikagonga gati, mbuzi wakaangukiana. Musyimi akajaribu ule mkono huku na huku, akacheka. Akasema, 'Kumbe Fahad ameitengeneza!' Tukavuka salama."

Musyimi aliletwa kwenye chumba cha mahojiano. Mbithe hakumzungusha.

"Mbuzi wa Abdille uliwavusha kwa kuvuta ama kwa kusukuma?"

Mwau aliacha kuandika.

"Kusukuma," Musyimi alisema.

"Kwenda na kurudi?"

"Kwenda na kurudi."

"Na Kyule alipoingia majini?"

"Nikavuta." Sauti yake ilikuwa tulivu kama ya mtu anayeagiza chai. "Sikuwa nimepanga, madam. Akakuja amelewa asubuhi yote hiyo, akanicheka. Eti mkono wa Kasyoka ukipona atavunja ule mwingine. Akaingia nyuma ya mashua. Nikajua watu watasema ni mazoea tu."

"Kwa nini hamkuripoti kwamba anampiga?"

Musyimi alimtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Tuliripoti. Mara tatu, hapa hapa. Mara ya tatu ni wewe ulitupokea, simu iko kwa sikio. Ulisema ni mambo ya mtu na bibi yake, twende tukamalize nyumbani."

Mbithe aliitafuta siku hiyo kichwani, asiipate. Aliowaambia maneno hayo walikuwa wengi mno.

Aliandika maungamo, akamsomea, Musyimi akatia sahihi.

Nje, Kasyoka alikuwa kwenye benchi na shati safi la ndugu yake na bakuli la muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, lililofunikwa kitambaa. Alisimama akitabasamu.

"Tunaenda naye saa hii?"

"Hatoki, Kasyoka. Alijua gia imetengenezwa. Alivuta makusudi."

Tabasamu lilichelewa kuondoka.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi, Mwau, na mwenye mbuzi."

"Watu watatu tu." Kasyoka aliketi polepole, akaupakata mkono wake wa plasta. "Mimi nikipigwa mlijua wote, mkanyamaza. Hili ndilo limewashinda kunyamazia?"