Gauni la Kupandia Mlima

"Usinibane sana kiunoni, dada fundi. Nataka niweze kukimbia."

Fundi alikuwa ameng'ata pini mdomoni. Alizitoa kwanza ndipo akacheka.

"Bibi harusi wa kukimbia? Unamkimbia nani, bwana harusi?"

"Namkimbilia! Tunafunga ndoa kule juu mlimani, pale penye jiwe kubwa. Wageni wote watapanda kwa miguu, na mimi nitavaa raba chini ya gauni. Kwa hiyo pindo lisiburute, na mpasuo ufike gotini."

Mteja alikuwa mwalimu wa chekechea, mnene wa wastani, mcheshi, mdomo haujui kupumzika. Alikuwa ameelekezwa pale na shoga yake, akaja na kitambaa cheupe kwenye mfuko. Hakujua kwamba huyo anayempima kiuno ndiye yule aliyekuwa akiitwa Upepo katika kikundi cha wapanda mlima. Alijiunga na kikundi baada ya Upepo kujitoa, na wenzake hawakupenda kumtaja.

"Na bwana harusi naye ni mkimbiaji?"

"Weee, ukimwona utasema hana mbio hata za kukimbilia mvua. Kila siku yuko nyuma yangu. Wenzake wanamwita Konokono, naye anaitikia!"

Chaki ya fundi ilisimama juu ya kitambaa.

"Kumbe bwana! Siku moja niliteguka mguu karibu na kilele. Akanikalisha chini, akanipa ndizi, akaniambia nisiondoke hapo. Akashuka. Dada, sijawahi kuona binadamu anashuka vile, kama maji. Amerudi na watu na machela, mimi ndizi sijaimaliza."

"Ndizi moja?"

"Na mimi ni mlaji, unaniona! Nikamwuliza, kama una mbio hizi, mbona kila siku uko nyuma? Akaniambia, 'Aliye mbele anaiona njia. Mimi nikikaa nyuma nakuona wewe.' Nikasema moyoni, huyu simwachi ng'o."

Fundi akageuka kuutafuta mkasi. Ulikuwa mkononi mwake.

Mteja alipoondoka, fundi alikaa mbele ya cherehani bila kukanyaga pedali. Konokono. Jina hilo alilitoa yeye mwenyewe, siku za mapenzi yao, na kikundi kizima kikalidaka kwa kicheko. Konokono alikuwa seremala, mpole, ukimtania anacheka nawe. Ukimwuliza mbona unachelewa, anakujibu kwamba mwenda pole hajikwai.

Walipanda mlima ule majira yote. Masika njia ilikuwa tope tupu, Upepo mbele akirusha matope, Konokono nyuma akiyapokea usoni. Kila Upepo alipoteleza, kuna mkono ulimdaka mgongoni kabla hajafika chini. Hakujiuliza hata mara moja mtu mzito wa miguu anawezaje kufika upesi hivyo. Kiangazi maji yake yalipoisha, chupa ya Konokono ilikuwa haijaguswa, naye akaipokea huku akimcheka: "Unakwenda polepole mpaka kiu inakusahau." Na kipupwe, ukungu ukishuka, kifua chake cha pumu kilikuwa kinabana, na kikibana tu, Konokono huyo hapo, dawa ya kuvuta mkononi. Upepo aliona ni bahati. Yaani mtu akibahatika kila wiki, haoni kwamba bahati hiyo ina miguu!

Kisha akaja Kocha, na filimbi yake na saa yake kubwa.

"Una kipaji," Kocha alimwambia. "Lakini huyo mtu wako anakurudisha nyuma."

Akaamini. Asubuhi moja, chini ya mlima, mbele ya watu wote, alimwambia Konokono:

"Mimi siwezi kukimbia na gunia mgongoni. Tafuta konokono mwenzako."

Kuna waliocheka. Konokono alitoa dawa ya kuvuta mfukoni mwake, akamkabidhi.

"Weka mfuko wa kulia," alisema. "Ndio mkono wako mwepesi."

Akaenda zake.

Mashindano ya kwanza chini ya Kocha yalikuwa ya kipupwe. Katikati ya mlima kifua kilibana. Dawa ilikuwa nyumbani, juu ya cherehani. Kocha alimpita akitazama saa, akampigia kelele, "Pumua! Pumua!" kama mtu anayemfundisha samaki kuogelea, akaendelea mbele. Wanawake waliokuwa wakiokota kuni ndio waliomteremsha. Haukupita muda, Kocha akapata mwenye kipaji mwingine. Upepo akatundika viatu. Mara nyingi alishika simu ampigie Konokono, mara nyingi kiburi kikamwambia aiweke.

"Unashona au unalowesha kitambaa cha watu?"

Alikuwa dada yake mkubwa, amesimama mlangoni na sufuria mkononi. Walikuwa wakiishi pamoja chumba cha nyuma ya duka. Fundi akamweleza yote. Dada akavuta kigoda.

"Nilikwambia mimi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni."

"Dada, sasa hivi sitaki methali."

"Methali ni za bure, mdogo wangu, chukua tu."

"Bado hajaoa." Fundi alifuta macho kwa kiganja. "Na kitambaa kiko kwangu. Gauni lisipokamilika..."

"Koma! Mtoto wa watu amekuletea kitambaa chake kwa moyo mweupe, hajakukosea kitu. Kama una neno, mpelekee mwenyewe aliyekuwa wako. Usilipitishe kwenye mkasi."

Fundi akachukua simu. Aliandika, akafuta, akaandika tena:

"Ni mimi. Naomba tuonane kwenye jiwe kesho asubuhi. Mara moja tu."

Jibu lilikuja kabla hajaiweka simu chini:

"Kuna baridi siku hizi, na kifua chako? Nitakusubiri chini, tupande wote."

Alilisoma mpaka akalikariri. Tumaini halina haya. Lilimwamsha alfajiri likamvalisha viatu vyake vya zamani.

Seremala alikuwa chini ya mlima, unga wa mbao bado nyweleni. Walisalimiana kwa adabu, kama watu waliokutana msibani. Fundi akaanza kupanda, na Konokono, kwa mazoea, akashika nafasi yake nyuma. Nyasi zilikuwa na umande, ukungu umelala mabegani mwa mlima. Kwa muda alisikia nyayo zile, moja baada ya nyingine, akahisi kama hakuna kilichoharibika.

"Nimesikia habari za mbio zako," fundi alisema huku akienda.

"Nani kakwambia?"

"Bibi harusi wako. Mimi ndiye ninayemshonea gauni."

Nyayo zikanyamaza. Fundi alienda hatua kadhaa zaidi, akasimama, akageuka. Seremala alikuwa amesimama chini kidogo, mikono imelegea, pumzi imetulia kama mtu aliyekuwa kitandani.

"Kwa nini hukuniambia?" fundi aliuliza. "Miaka yote ile. Kwa nini hukuniambia?"

Konokono alipangusa unga wa mbao nyweleni.

"Leo ndiyo mara ya kwanza umegeuka," alisema.

Fundi alitafuta pa kushika. Palikuwa na nyasi tu.

"Ningejua..."

"Ungejua nini? Kwamba nina mbio? Ungenipendea mbio, basi, mpaka atokee mwenye mbio kunizidi. Mimi kila kona nilikuwa nasema, leo atageuka aniulize kama nimechoka. Ningesema nimechoka hata kama ni uongo, ili tukae kidogo."

"Nilikuita gunia. Mbele za watu."

"Nakumbuka."

"Nisamehe."

"Nilishakusamehe. Na mimi nisamehe. Nilinyamaza nikadhani ni upole, kumbe nami nilikuwa na kiburi changu. Ningefungua mdomo."

Fundi akavuta pumzi. Alikuwa ameliandaa swali tangu jana, na sasa alitamani asiliulize, lakini akaliuliza.

"Nafasi haipo tena? Hata ndogo?"

"Haipo."

"Unampenda?"

Seremala akatabasamu, na tabasamu lile halikuwa la fundi.

"Ananichosha kwa maswali. Kila kona: umechoka? Una kiu? Umemwona ndege yule? Hatufiki juu kabla jua halijawa kali. Ndiyo. Nampenda."

Fundi alilia, hakujificha, naye Konokono hakumshika. Alingoja tu mpaka amalize.

"Nina ombi," fundi alisema. "Shuka. Kwa mbio zako zote. Nikuone japo mara moja."

"Nikuache huku juu, na baridi hii?"

Fundi akapapasa suruali, akatoa dawa ya kuvuta, akamwonyesha.

"Mfuko wa kulia."

Konokono akaitikia kwa kichwa. Kisha akageuka akashuka. Mwalimu alikuwa amesema kweli. Hakukanyaga, alimiminika, kona moja, kona nyingine, mawe hayakusikia. Fundi alisimama akimtazama mpaka ukungu ukamfunika. Ndipo alipojua amepoteza nini, na kwamba alikuwa nacho kila asubuhi, hatua mbili nyuma ya mgongo wake.

Mwalimu alirudi dukani kujaribu gauni. Safari hii hakuwa na maneno. Alisimama mlangoni, mkoba kifuani.

"Ameniambia," alisema. "Dada fundi, mimi sikujua, naapa. Kama hutaki kunishonea, nitaelewa."

"Nimeshakata kitambaa. Panda hapo kwenye kigoda, simama wima."

"Hunichukii?"

"Nilijaribu. Nilijitahidi sana." Fundi alipiga magoti, akaanza kupima pindo. "Nikakumbuka kwamba wewe ulimwuliza. Geuka kidogo."

Mwalimu aligeuka. Machozi yake yalidondokea kichwani kwa fundi, na fundi akamwambia kwa ukali wa kuazima asiloweshe kazi ya watu.

Siku ya harusi kulikuwa na jua jepesi. Wageni walipanda kwa mstari, mashangazi wakilalamika, wajomba wakijifanya vijana, dada yake fundi akipumzika kila penye kivuli na pasipo nacho. Bibi harusi alikuwa mbele, raba zikichungulia chini ya pindo, na bwana harusi nyuma yake. Mwisho kabisa alikuja fundi, sindano na uzi mfukoni endapo gauni litashikwa na mwiba.

Hakuwahi kuwa wa mwisho kwenye mlima ule. Hakujua kama ukiwa huku unaona mengi hivyo. Alimwona shangazi aliyeanza kuchechemea, akampa bega. Aliokota kitambaa cha mtu na kiatu cha mtoto. Aliuona mgongo wa Konokono, na mkono wake ulioinuka kila mwalimu alipokanyaga jiwe legevu, ukashuka tena bila kumgusa.

Karibu na jiwe kubwa, bibi harusi alisimama. Mstari wote ukasimama. Akageuka, akakinga macho kwa kiganja, akatazama mpaka mwisho wa watu.

"Dada fundi!" aliita. "Umechoka? Tukungoje?"

Kifua cha fundi kilibana, na haikuwa pumu.

"Sijachoka," alijibu. "Nendeni tu. Nawaona."