Mshikamto wa Lowasa

Mafuko ya chuma, mashine za kuchimba zilizoigwa kwa mnyama fuko, yalikuwa kazini tangu alfajiri, mamia kwa mamia, kila moja kubwa kama mbuzi, yakichota mchanga katikati ya mto na kuupandisha kingoni. Kazi hiyo haikuwa na mwisho. Mto wa jangwani hubeba mchanga mwingi, na kila furiko likipita huuacha chini; kitanda cha mto huinuka kidogo kidogo, hadi siku moja mto unajikuta uko juu kuliko nchi iliyo pembeni yake. Hapo hutafuta pa kushukia. Mito ya huko imehama hivyo tangu dunia iwe dunia. Lakini Hifadhi ya Lowasa, na tembo wake, na migunga yake, na mahoteli yake, ilipimwa kufuata mto huu, basi wakubwa wakaamua kwamba mto usihame. Ndipo ukaundwa Mshikamto: mafuko ya kuchimba, malango ya kugeuza maji, na akili unde ya kuongoza yote.

Mhandisi Seleina ndiye aliyeisimamia akili hiyo, na alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Alichoka kubishana na mto usiosikia la mtu.

"Mhandisi," Mshikamto ukasema, "mvua ya mlimani imezidi. Ukingo wa hifadhi hautahimili. Ukivunjika, maji yataingia hotelini, na kuna wageni. Napendekeza tufungue lango la mashariki, mto ushukie kwenye mkondo wake wa kale."

"Mkondo wa kale una visima vya watu."

"Nimesikiliza. Hakuna mtu."

Seleina alivijua vizuri visikilizo vyake, vile vyombo vya kunasa sauti kule visimani. Katika mkondo ule mkavu, familia za wafugaji zilichimba visima virefu. Wanaume husimama humo, mmoja juu ya mwenzake, wakipokezana ndoo huku wakiimba. Kila familia ina wimbo wake, na ng'ombe wakiusikia wimbo wao huja kunywa. Yeye mwenyewe alizaliwa kwenye visima hivyo. Kwa kuwa kamera hufumbwa na vumbi, na aliye shimoni haonekani, ni yeye aliyeshauri visimikwe visikilizo: palipo na wimbo pana watu, pasipo na wimbo hapana.

"Fungua," akasema.

Maji hayajafika mbali, simu ikalia. Alikuwa Nompoi, mke wa kaka yake.

"Wifi, ngurumo gani hiyo huko juu?"

"Tumeugeuza mto. Mko wapi?"

"Mimi niko nyumbani. Kaka yako Moinan yuko kisimani na wenzake."

"Haiwezekani! Hakuna anayeimba."

"Nani aimbe, Seleina? Tuna msiba. Kwenu kukiwa na msiba hakuna anayeimba visimani mpaka baba wa marehemu auanze wimbo mwenyewe. Au mazishi ya mwanangu Saidimu uliyoyakosa yamekusahaulisha na mila?"

Hakuwa amesahau. Hakufikiri tu. Siku ya kumzika mtoto wa kaka yake, ukingo ulikuwa umepasuka, naye akatuma pole kwa simu.

"Funga lango!"

"Haliwezi kufungwa, Mhandisi, maji yameshalizidi nguvu. Nipige king'ora?"

King'ora hicho kililia kila siku kufukuza tembo. Nani angepanda kutoka kisimani kwa ajili yake? Seleina akakimbilia kipaza sauti. "Niunganishe na mlingoti wa king'ora ulio kilimani, juu ya visima. Huo peke yake."

Akaimba wimbo wa kwao. Maneno mengine yalimpotea, akayarudia yale aliyoyakumbuka. Aliimba mpaka Mshikamto ulipomwambia kwamba maji yamepita visimani.

Alimkuta Moinan kilimani, ameketi kati ya ng'ombe wake, fimbo magotini. Chini yao mto ulikuwa umetanda, mwekundu, mahali palipokuwa na visima.

"Ni wewe uliyeimba?"

"Ni mimi, kaka. Mmetoka wote?"

"Wote. Ng'ombe walituacha wakakimbilia huku. Nami nikapanda kwa hasira, nikasema huyo mpumbavu anayeimba juu ya msiba wangu, nikimpata namvunja mguu."

Seleina akaangua kilio. "Nisamehe."

"Umetutoa kaburini, nikusamehe nini?" Alisema kwa upole wa mtu aliyeishiwa nguvu. "Ila mwezi ukiandama ningeshuka kisimani nimwimbie mwanangu, tumwachilie, mama yake alale usingizi. Nompoi anaihesabu siku hiyo. Sasa kisima kiko chini ya mto wako. Unaweza kuurudisha?"

Miaka yote alilipwa kuushika mto huo.

"Siwezi, kaka."

"Basi nenda ukamwambie Nompoi wewe. Mimi sina ulimi wa kumwambia."