Widuri Mahali pa Asumini

Ua la kwanza Warsiti alilikuta ndani ya sufuria ya wali. Alifunua kifuniko alfajiri, mvuke ukampanda usoni, na pale juu ya wali limekaa ua la widuri, jeupe, bado linachuruzika utomvu. Kijiji kizima hakuna aingizaye widuri nyumbani. Ni kichaka cha ufukweni na makaburini, na maziwa yake yakikuingia jichoni utajuta kuzaliwa.

"Turinah! Nani kaleta uchafu huu jikoni?"

"Labda upepo, Mama," binti yake akajibu kutoka chumbani. "Au mkweo kaja kuonja chakula kabla ya harusi. Yule ana njaa ya kuzaliwa nayo."

Upepo gani ufunuao sufuria ukaifunika tena? Warsiti aliutupa wali wote nje, akanyamaza. Alikuwa na sababu ya kunyamaza.

Mama huyu alikuwa mtunga makoja. Pwani yote ile ya kaskazini ya Java, bibi harusi hakutoka mpaka Warsiti amemtungia asumini, vitumba vilivyochumwa kabla ya kufunguka. Aliwatungia mabinti wa wenzake mpaka vidole vikaota sugu, na wake mwenyewe, Turinah, kapita thelathini hajaposwa. Sokoni Dasmi, muuza tempe, vile vipande vya soya iliyovundikwa, hakumwacha apumue.

"Yu Warsiti, dada yangu, kweli kinyozi hajinyoi! Au huyo wako tumtilie chumvi asioze?"

Warsiti alicheka naye, akifika nyumbani akalia.

Kwao, msichana akiiba kitumba cha asumini mwilini mwa bibi harusi, mume hachelewi. Turinah alikuwa ameiba mpaka kachoka. Ndipo akafa Kamilah, binti wa jirani, harusi yake imekaribia. Mwali afaye hajaolewa huzikwa na maua ya harusi, basi Warsiti akaitwa kulivisha jeneza. Moyo ukamnong'oneza: bahati ya huyu haijatumika, yote bado imo. Akaficha koja moja la asumini kwa ajili ya mwanawe, na pengo akaliziba kwa maua ya widuri aliyoyachuma makaburini mbiombio, bila hata kupiga hodi kichakani kama wazee walivyomfundisha. Nyeupe kwa nyeupe. Wafiwa wana machozi, nani atatazama?

Mwezi haukuisha, Darkim, fundi pikipiki, akaleta posa. Na maua nayo yakaanza kuja.

La pili lilikuwa ndani ya kiatu cha Turinah. La tatu lilikuwa nyweleni mwake, limefumwa ndani kabisa kama limeota. Lile koja la Kamilah, alilolificha chini ya godoro la Turinah, halikunyauka, ila kila asubuhi kitumba kimoja cha asumini kilikuwa kimetoweka na widuri imekaa mahali pake. Nyumba ikanuka majani mabichi yaliyopondwa, harufu chungu iliyoingia mpaka kwenye chai.

Turinah naye akawa mpole. Hilo ndilo lililomtisha mama yake kuliko yote. Mtoto aliyekuwa akimjibu kila neno kwa mawili sasa alisema, "Ndiyo, Mama. Vyema, Mama." Siku ya kutunga koja la harusi yake walikaa pamoja ukumbini, jua limewaka, na sindano ikamchoma Turinah kidoleni mpaka mfupani. Hakupiga kelele. Hakutukana. Warsiti akakishika kile kidole akifinye damu itoke, na kilichotoka, polepole, kizito, kikidondokea asumini, kilikuwa cheupe.

Alikimbia bila viatu mpaka kwa mzee Dulrokhim, mganga wa kusoma. Akamweleza yote. Mzee alisikiliza, kisha akafunga msahafu wake.

"Si maiti huyo," alinong'ona. "Maiti hana safari. Ni mwenye kichaka. Ulitoa cha pori ukasema cha bustani, na ulichuma kwake. Kakutazama, kajifunza kazi ya kubadilisha."

"Mwanangu yuko wapi, mzee?"

"Pale ulipoyapeleka maua yake."

"Basi mtoe! Soma!"

"Nimtoe nani, mama? Huyo wa nyumbani kaingia kwa mkono wako. Mimi sina neno la kumfukuza aliyealikwa."

Adhuhuri ile, kesho ikiwa harusi, Warsiti alipiga magoti penye kaburi la Kamilah na lile koja mkononi. Widuri ilikuwa imelifunika kaburi lote, imechanua. Akaliweka koja, akaomba radhi, akainamisha sikio mchangani.

"Mama, mbona umekawia?" Ilikuwa sauti ya Turinah, yenyewe, na ukali wake wote. "Maziwa haya yananichoma macho."

Akachimba, akachimba kwa kucha, mizizi ikikatika na kumrushia utomvu machoni, akachimba huku haoni, akilia jina la mwanawe, na kila alipofika chini mchanga ukamwagika tena, mpaka mikono ya wanaume ikamkamata, na Darkim akasema mama kachanganyikiwa, na sauti laini nyuma yao ikasema:

"Mwacheni, jamani. Ni uchungu wa kuniozesha tu. Mama, twende nyumbani."

Harusi ilifanyika. Bibi harusi alipendeza kuliko wote waliowahi kuvishwa na Warsiti. Wasichana wakamzunguka kuiba asumini, naye badala ya kujikinga akaziinamisha nywele zake, akicheka: "Chukueni, chukueni."

"Msichukue!" Warsiti alipiga kelele, kitambaa machoni. Dasmi akamkalisha kitini kwa huruma.

"Yu, tulia. Na binti yangu kapata kitumba. Mungu kamwona."

Macho hayakurudi. Bado hutunga kwa kupapasa, na kila adhuhuri hujikokota mpaka makaburini kuzungumza na mwanawe. Kwa muda Turinah alilia tu. Juzi akasema kwa utulivu, na Warsiti hajui amwambie nani kijijini, maana nani atamwamini:

"Mama, punguza machozi, huku si mpweke tena. Binti wa Dasmi kafika jana. Anauliza ni nani anayelala kitandani kwake."